Elfu Tano na Makumi Ine

Papa mudogo Deo alikuwa ameshainua shoka. Ndiyo maana nilipiga kelele namna ile mbele ya wageni, mimi ambaye tangu tumzike Papa nilikuwa sijatoa sauti. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima hapa mtaani kwetu Katoyi, kuni za kilio zikaloa zote, maharagi yalikuwa bado magumu ndani ya sufuria, na uani watu wamebanana chini ya hema wakingoja kula. Papa mudogo, yaani mdogo wake Papa, aliyetoka Bukavu kuja kutusaidia kuzika, akatazama huku na huku. Akaiona benchi yetu kando ya ukuta wa nyumba, ndefu, kuukuu, mguu mmoja umefungwa na waya. Akasema hii mbao ni kavu, itawaka vizuri.

Shoka likaangukia ncha moja ya benchi, kipande kidogo kikaruka. Na pale palipokatwa pakatoka harufu. Mawese ya zamani, moshi wa makala ya jikoni, visamaki vya sambaza vya kukaanga, na nyuma ya hivyo vyote harufu ya mbao yenyewe, kavu, ya kanisani. Harufu ya jioni zetu zote. Sikufikiri kitu. Nilikimbia nikaikalia.

"Zawadi, simama," papa mudogo alisema. "Batu beko na njaa."

"Sisimame."

"Mutoto yangu, ni benchi tu. Tutatengenezesha ingine."

"Papa mudogo, naomba pardon. Unaweza kunipasua na mie. Sisimame."

Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba uchungu umenipanda kichwani. Labda. Mwanamke mzima, mwenye watoto wake, ameng'ang'ania mbao mbele ya watu wenye njaa, unataka waseme nini? Siku ile nilishindwa kueleza. Wacha nieleze sasa.

Hiyo benchi ilitoka kwenye kanisa dogo la jirani, walipoamua kuweka viti vya plastiki. Papa aliwafundisha watoto wao hesabu wakati wa likizo, basi wakamwambia achukue moja. Yeye na kaka yangu mkubwa, Bahati, waliibeba kichwani kutoka kule, wakipanda na kushuka juu ya mawe ya volkano, na watoto wa mtaa wote nyuma yao wakiuliza kama misa sasa itasomewa kwetu. Ilipoingia salon, yaani sebuleni, ilichukua upande mzima, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Mama alisema, "Ile kitu itatufukuza ndani ya nyumba." Lakini jioni ile ile tulikula tumekaa juu yake, sote, sahani magotini, na nakumbuka nilivyofurahi kuona miguu yetu imepangwa mstari mmoja, ya Koko na soksi zake hadi ya Jospin isiyofika chini.

Tulikuwa watu saba. Koko, mama yake Papa, ambaye rozari yake haikutoka mkononi. Papa, mwalimu wa hesabu kwenye shule ya sekondari kule Majengo, aliyerudi kila siku na chaki kwenye mikono ya shati. Mama, aliyeuza sambaza sokoni. Halafu sisi watoto: Bahati, Furaha, mimi, na Jospin kitinda mimba.

Raha ya benchi haikudumu, maana vita vya nafasi vilianza. Kila mtoto alitaka kukaa karibu na Mama. Sufuria lilikuwa mbele yake, na mkono wa Mama ulikuwa unaongeza bila kuuliza. Upande wa mlango hakuna aliyetaka: upepo, vumbi jeusi, na mbuzi wa jirani anayechungulia sahani yako. Tulisukumana, tulifinyana. Jioni moja Jospin alimuuma Furaha mkono mpaka damu. Papa akaingia wakati ule ule. Sisi tukajua leo ni fimbo.

Hakuchukua fimbo. Alivua viatu, akaviweka vizuri, akauliza, "Bon. Humu ndani tuko batu wangapi?"

"Saba," tukasema kwa woga.

"Simameni bote."

"Hata mie?" Koko aliuliza.

"Hata weye, mama."

Koko akasimama akinung'unika. Papa akaonyesha nafasi ya kwanza, ile ya ukutani. "Pale nani anaweza kukaa?"

"Koko!"

"Koko anaweza. Na Jospin anaweza. Kila mutu anaweza, kwa hiyo ni namna saba. Tuseme Koko amekaa. Kaa, mama. Nafasi ya pili, banabakia wangapi?"

"Sita."

"Saba mara sita?"

"Makumi ine na mbili," Bahati alijibu haraka. Yeye alikuwa na kichwa cha Papa.

Papa akaenda hivyo, nafasi kwa nafasi, akimkalisha mmoja mmoja, mpaka yeye mwenyewe, na kuzidisha: mara tano, mara ine, mara tatu, mara mbili. Tulikaa tukiwa tumekaza macho kwake kama watu wanaongoja kuambiwa nani ameshinda. Mwisho akabaki Jospin peke yake amesimama, na nafasi moja tu, ya mlangoni. Hakuwa na la kuchagua. Akalia.

"Elfu tano na makumi ine," Papa alisema.

Elfu tano na arobaini, kama wanavyosema wengine. Shuleni Papa alifundisha kwa Kifaransa kama walimu wote, lakini nyumbani namba alizitaja kwa Kiswahili. Kifaransa, alisema, ni cha inspekta.

"Benchi moja, batu saba, namna elfu tano na makumi ine za kukaa," akaendelea. "Toka leo, kila jioni tutakaa namna ingine. Hakuna mutu atalia, juu kila nafasi itamufikia. Na hamutamaliza mbele ya kukuwa bakubwa. Itachukua miaka kumi na tatu na zaidi."

Bahati hakuweza kunyamaza. "Na kama mumoja anakosa? Tukibakia sita?"

"Mia saba na makumi mbili."

"Eh! Mutu mumoja tu, anaondoka na zote zile?"

"Mutu mumoja tu."

"Muache maneno ile," Mama akasema. "Bugali inapoa."

Papa aliipenda hiyo namba, na sisi tukaipenda kwa sababu yake. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa alitupima nayo. Igawe kwa mbili. Igawe kwa tatu. Kwa ine, kwa tano, mpaka kumi, na kila mara haikubaki kitu. Alisema kuna namba nyingi kubwa kuliko hiyo ambazo ni choyo, ukitaka kuzigawa zinakataa, lakini hii inamkubali kila anayekuja. "Iko na roho nzuri," alisema. Bahati, mchokozi, akatafuta pa kumshika. "Na kumi na moja?" Papa akacheka. Kumi na moja inakataa, alisema, lakini kumi na mbili inakubali tena. Bahati akasema basi tusioe na kuzaa tukafika kumi na moja, Mungu atulinde. Koko akampiga na kitambaa.

Wengine waliisikia kama hesabu. Mimi niliisikia vingine. Nilisikia Papa anasema kwamba sisi saba tuna jioni elfu tano na makumi ine za kukaa pamoja, na kwamba tumepewa, zimeshapimwa, hakuna wa kuzipunguza. Mtu hawezi kuondoka katikati. Hawezi kufa. Atakufaje wakati zamu yake ya kukaa katikati ya mimi na Furaha haijafika? Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Hata nilianza kukusanya vijiwe vyeusi vya volkano nyuma ya choo, nikitaka vifike elfu tano na makumi ine nione wingi wetu kwa macho. Kuku wakavitawanya. Nikaanza tena, wakatawanya tena, nikaacha. Lakini lile rundo, hata lilipokuwa nusu ya nusu, lilinifurahisha mno. Nilijua tuna muda.

Kazi ya kupanga watu Papa alinipa mimi. Alinifundisha njia: wa upande wa ukuta waache watulie, zungusha wa upande wa mlango. Ukimaliza namna zote za mlangoni, ndiyo unagusa anayefuata, polepole, ukielekea ukutani. Kwa njia hiyo Koko, aliyeanza ukutani, asingehamishwa karibu miaka miwili. Koko akasema, "Sasa hii ndiyo hesabu." Jospin na Furaha waliruka ruka kila jioni. Nikiwa na sauti ya mwalimu niliita majina mlangoni, na hata Papa alitii. "Papa, leo ni pale." "Ndiyo, madamu." Unaweza kufikiri jinsi nilivyovimba kichwa.

Miezi kama mitano ilipita, na zamu zikamleta Bahati kukaa katikati ya Mama na mimi.

Bahati alikuwa amepata diplome yake ya serikali, ya kumaliza sekondari, lakini chuo kikuu hakikuwezekana. Alikuwa anabeba mawe na wajenzi, mikono yake imekuwa migumu, akirudi anacheka tu. Bosi wao akapata kazi kule Rumangabo, upande wa Rutshuru, nyumba za kujenga, kazi ya miezi. Mama hakutaka. Papa alinyamaza, na kunyamaza kwa Papa kulikuwa ruhusa. Jioni ya mwisho tulikaa hivi: Koko ukutani, Mama, Bahati, mimi, Papa, Furaha, na Jospin mlangoni. Nitakufa nikikumbuka huo mpangilio. Bahati aliniibia samaki kwenye sahani, nilipopiga kelele akanirudishia wawili. Kiwiko chake kiligonga kiwiko changu kila alipokata tonge. Nilimwambia asogee. Hakusogea, alisema hii ni nafasi yake, Papa ameihesabu.

Asubuhi lori la simenti lilisimama barabarani. Mama alilia, Furaha alilia, Jospin alilia kwa sababu wengine wanalia. Mimi macho makavu. Bahati aliinama.

"Na weye, Zawadi? Hunililie?"

"Hatuyamaliza," nikamwambia. Yaani bado hatujamaliza. Nilimshangaa kwamba hakuelewa.

Akaniangalia. Halafu akacheka kile kicheko chake cha kutupa kichwa nyuma. "Kweli, hatuyamaliza. Unichungie nafasi." Akanipapasa kichwa, akapanda juu ya mifuko ya simenti, na lori likaondoka naye amekaa juu, nguo zake zimeshageuka za kijivu.

Vita vilifika kule kabla ya Noel. Kwanza simu yake ilipatikana kwa shida, halafu ikawa haipatikani kabisa. Halafu watu wakaanza kuteremka kutoka upande wa Rutshuru na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto wamefungwa mgongoni wawili wawili. Papa alimaliza masomo, akaenda moja kwa moja Kanyaruchinya walipokuwa wanalala hao watu, na picha ya Bahati mfukoni, akauliza. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa hatumuulizi kitu, tulimwangalia tu anavyovua viatu. Siku moja mjenzi mmoja wa kundi la Bahati akaja mwenyewe nyumbani, amekonda, akasema risasi zilipoanza kila mtu alikimbia kivyake. Alimwona Bahati anakimbilia upande wa msitu, kiatu kimoja mguuni. Baada ya hapo hakumwona tena. Hayo ndiyo tuliyonayo mpaka leo. Hakuna mwili, hakuna kaburi, kuna kiatu kimoja.

Zamu nilizisimamisha tangu Bahati aondoke, na siku zile tulikuwa tunakula tumesimama, au hatuli. Jioni baada ya kuja kwa huyo mjenzi Mama alipika, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Koko akasema tukae kama watu. Sikuita majina. Kila mtu akaenda alipokaa ile jioni ya mwisho. Furaha, maskini, akaona nafasi karibu na Mama iko wazi, akasogea huko bila kufikiri. Koko alipiga kelele ambayo sijawahi kumsikia.

"Toka pale!"

Furaha akaruka kama ameungua. Tukakaa. Kati yangu na Mama kulikuwa na mbao tupu, na juu ya mbao kulikuwa na doa la mafuta, doa la samaki wangu.

Mimi nilitaka tu kujua. Ilikuwa kazi yangu. "Papa," nikauliza, "sasa tuko na namna ngapi?"

Mikono yote ikasimama. Papa hakuwahi kuchelewa kujibu hesabu, hata ukimwamsha usingizini. Safari hii alichelewa mpaka nikafikiri hakusikia. Mama alikuwa amemgeukia. Alimwangalia tu, na tonge mkononi, halijafika mdomoni.

"Elfu tano na makumi ine," Papa alisema.

"Ndiyo vile," Koko akasema. "Na jioni bila Bahati haihesabike. Tutakaa hivi hivi mpaka arudi."

Mama akala. Alikula tonge lile.

Na mimi, ooh, mimi nilifurahi. Nililala vizuri usiku ule kuliko wote. Nilikumbuka Papa alishasema mtu mmoja akikosa ni mia saba na makumi mbili, na Papa hakosei hesabu. Kama bado ni elfu tano na makumi ine, basi hakuna aliyekosekana. Bahati yuko mahali fulani, na kiatu chake kimoja, anatembea. Alipokuja mama mmoja wa jirani kutupa pole, nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia asilie, Bahati hawezi kufa, Papa amehesabu. Yule mama akaniangalia, akajifunika uso na kitenge, akaondoka mbio. Nikaona huyu hajui hesabu.

Niliishi ndani ya namba ile miaka. Kutoka ndani yake hakukuwa siku moja. Noel moja ikapita, na nyingine. Vita viliondoka vikarudi. Rundo la vijiwe lilimezwa na majani. Sekondari, mwalimu mmoja aliniita ubaoni: watu sita, benchi moja, watakaa namna ngapi? Chaki iliandika yenyewe. Mia saba na makumi mbili. "Très bien," mwalimu akasema, darasa likapiga makofi, na mimi nikasimama pale nikilia hadi kamasi, wala sikuweza kurudi kwenye kiti. Mwalimu alifikiri ni furaha. Hesabu ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa tangu ile jioni, na watu wazima wote wa nyumba yetu walijua, hata Koko asiyesoma, na walikaa kando ya ile nafasi wakala bugali.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Sitaficha: nilimkasirikia Papa miezi mingi. Mama alinituma kuchota maji, sikuitika. Nilitaka Papa aseme ile namba kwa mdomo wake. Kila jioni nilikaa mahali pangu, mbao tupu kushoto kwangu, Papa kulia kwangu, nikangoja aseme. Hakusema, wala mimi sikuuliza.

Basi na benchi ikaendelea kupungukiwa watu. Koko alikufa kitandani mwake, rozari mkononi, na sehemu yake ya ukutani hakuna aliyeisogelea. Furaha akaolewa Bukavu. Jospin akaenda Kampala kutafuta maisha, tunamsikia kwenye simu; hata kumzika Papa, yeye na Furaha hawakuweza kufika. Mimi nikaolewa Majengo, nikawa wa siku ya Mungu tu, na wanangu nikiwaleta walikula chini kwenye mkeka, hawakuuliza kwa nini. Siku moja nilikuja bila kutangaza, nikawakuta Papa na Mama wawili peke yao wanakula. Benchi yote ile, na kila mmoja amekaa mahali pake pa jioni ya mwisho: Mama pale, Papa kule, na kati yao nafasi ya Bahati na nafasi yangu. Papa aliomba chumvi. Mama alijinyosha, naye akajinyosha, vidole vyao havikufikiana, ikabidi Mama alisukume kopo juu ya mbao. Walifanya hivyo bila kuangalia, kama watu waliozoea. Niliegemea mlango nikashindwa kuingia.

Halafu Papa akapata sukari, na sukari ikamla miguu. Alipenda jua, kwa hiyo tukaitoa benchi nje kwa ajili yake. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nimekaa naye, mimi pangu, yeye pake. Mama alikuwa ndani anachambua mboga ya lengalenga. Papa alikuwa amekonda, saa ya mkononi imepanda mpaka karibu na kiwiko.

"Zawadi."

"Papa."

"Siku ile uliniuliza hesabu. Nilikudanganya."

Nikamwangalia mdomo.

"Ni mia saba na makumi mbili," alisema. "Nilijua pale pale. Mama yako alikuwa ananiangalia, nikaona nikisema ile namba, ni mie ninamuzika mutoto wake. Nikashindwa. Mwalimu wa hesabu muzima! Na toka siku ile nikashindwa kurudi nyuma. Nimechoka nayo, mama. Ilikuwa mia saba na makumi mbili."

Hiyo ndiyo namba niliyoingojea kwa hasira ujana wangu wote. Nilikuwa na jibu lake tayari: najua, Papa, nilijua tangu ubaoni. Lakini nilimwona mikono yake imelala magotini kama si yake. Nikaangalia kushoto kwangu, jua limepiga kwenye ile mbao, doa la mafuta liko pale, limekuwa jeusi.

"Hapana, Papa," nikasema. "Ni elfu tano na makumi ine."

Akanigeukia polepole. Aliniangalia kwa lile jicho la mwalimu anayetaka kukurudisha ubaoni.

"Nani alikufundisha hesabu mbaya vile?"

"Ni weye, Papa."

Akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kilipoisha alikuwa analia, waziwazi, mdomo umefunguka, Papa ambaye sikuwahi kuona chozi lake. Nilimshika mabega. Mabega ya mtoto. Hakutaja namba tena, si ile wala nyingine, na tulimzika wiki iliyopita.

Sasa unajua nilikuwa nimekalia nini siku ile ya shoka.

Papa mudogo alikuwa bado amesimama mbele yangu, hakujua afanye nini, si mtu mbaya. Watu walikuwa wanazidi kukusanyika. Ndipo nikasikia wanawake ndani wanasema hapana, hapana, rudi. Mama alikuwa anatoka. Tangu kuzika alikuwa chini kwenye godoro kati ya wajane wenzake, hatoki, kama inavyotakiwa, na wote walimfuata wakimshika kitenge wamrudishe. Aliwatoa mikono. Alipita mbele ya papa mudogo bila kumsalimia, akaja mpaka kwenye benchi. Nilifikiri atanisimamisha, aniambie nisimtie aibu.

Mama aliangalia upande wa Koko, akauacha. Akakaa nafasi ya pili. Akajifunga kitenge vizuri, akaweka mikono magotini. Mimi nilikuwa mahali pangu, na kati yangu na yeye ilibaki ile mbao yenye doa. Kulia kwangu nafasi ya Papa, halafu ya Furaha, na mwisho ya Jospin, pale shoka lilipouma.

"Shemeji," papa mudogo alisema taratibu, "naomba munisamehe. Ni juu ya chakula ya bageni. Muko babili tu, nitabaletea biti bya kukalia."

Mama aliangalia benchi, kutoka upande wa Koko mpaka mwisho, kama anayehesabu.

"Babili gani, Deo? Hauone? Imejaa," alisema. "Tafuta kuni fasi ingine."